Hiari ya Mkosaji: Mipaka ya Kudura katika Tamthilia ya Kinjeketile Inaposomwa Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala hii inaihakiki tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein kama kazi inayouliza swali la kiteolojia: uwezo wa Mungu unaishia wapi, na hiari ya binadamu inaanzia wapi? Hoja kuu ni kwamba tamthilia inafichua mgawanyo usio wa haki kati ya kudura na hiari. Mafanikio ya watu huandikwa kwa jina la nguvu iliyo juu yao, na hiari yao hukumbukwa pale tu anapotafutwa wa kulaumiwa. Mgawanyo huo unalinganishwa na matukio mawili ya historia ya Uganda, yaani vita vya Alice Lakwena (1986–1987) na maafa ya Kanungu (2000), kisha na matumizi ya Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu ufundishaji wa fasihi, ukalimani na lugha ya matangazo ya ofisi.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kinjeketile umefuata njia tatu kuu. Wapo waliosoma tamthilia hii kama wito wa umoja wa taifa changa. Wapo walioichunguza kwa kuilinganisha na historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Na wapo walioitazama kama tanzia ya shujaa anayezidiwa na jambo alilolianzisha mwenyewe. Njia zote tatu ni halali. Hata hivyo, zote hupita haraka mbele ya Hongo, mzimu anayempagaa Kinjeketile na kumpa maji. Humchukulia kuwa mbinu ya mwandishi, au kuwa imani ya kale ambayo msomaji wa leo amekwisha kuivuka.

Kwa msomaji aliye Mbarara, Hongo hawezi kuvukwa kwa wepesi huo. Kanungu, mahali palipoteketea waumini ndani ya kanisa lao mwaka 2000, pamo katika ukanda huuhuu wa kusini-magharibi mwa Uganda. Nakivale, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, yamo katika wilaya jirani ya Isingiro. Humo, katika maeneo kama Base Camp, Juru na Rubondo, Kiswahili kinatumika sokoni, kanisani, msikitini na mbele ya meza ya afisa, hasa miongoni mwa waliotoka Kongo ya Mashariki. Na Kakoba, eneo la jiji la Mbarara lenye historia ndefu ya kuandaa walimu, linatukumbusha kwamba fasihi hii haisomwi na wahakiki peke yao. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa kukitekeleza kama lugha rasmi. Mwalimu atakayefundisha Kinjeketile katika mazingira haya ataulizwa na wanafunzi wake kama maji yale yalikuwa ya Mungu au la. Makala hii inapendekeza swali jingine lililo zito zaidi: maji yaliposhindwa, nani alilaumiwa?

2.0 Kudura, kadari na hiari

Kiswahili kina akiba pana ya maneno ya jambo hili. Kudura ni uwezo wa Mungu. Kadari ni lile alilolipanga. Majaliwa ni lile alilomjalia mja. Hiari ni nafasi ya mja kuchagua. Kudura, kadari na kadiri yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu unaobeba maana ya kuweza na maana ya kupima. Mzizi wa neno si hoja, lakini unatukumbusha kwamba kuuliza kadiri ya kudura si utovu wa adabu ulioletwa na wasomi wa kisasa. Ni swali ambalo wenye imani wamelibeba kwa karne nyingi.

Wanateolojia wa Muutazila walishikilia kwamba mtu ndiye mtendaji wa kweli wa matendo yake, kwa kuwa haki ya Mungu haiwezi kumwadhibu mtu kwa asilolitenda. Waashari, ambao mafundisho yao yameenea miongoni mwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii katika pwani yetu, walijibu kwamba Mungu ndiye anayeliumba tendo na mja hulichuma tu. Upande wa Ukristo, Augustino wa Hippo aliitetea hiari ili kuonyesha kwamba uovu hautoki kwa Mungu, ingawa katika maandishi yake ya baadaye alisisitiza neema zaidi kuliko hiari. Mitazamo hii inatofautiana sana, lakini kuna jambo linaloikutanisha: katika yote, hiari huingia mjadalani kwa mlango wa hatia. Mtu anahitaji kuwa huru ili aweze kuhukumiwa.

Lugha ya kila siku ina mwelekeo uo huo. Methali isemayo kwamba jitihada haiondoi kudura huishi bega kwa bega na ile isemayo kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia, na msemaji huchagua moja kulingana na matokeo. Katika Kinyankole, jina la Mungu, Ruhanga, limetokana na kitenzi cha kuumba, na majina ya watu kama Byaruhanga na Nuwagaba humtaja Mungu kuwa mwenye vitu na mgawaji wa vipaji. Hayo ni majina ya shukrani. Ni nadra mtu kumpa mwanawe jina linalosema kwamba mazao yamepatikana kwa mikono ya mama yake.

Tuchukue sasa sentensi mbili za aina inayosikika mara nyingi katika shuhuda za kidini: “Mungu alinivusha mpaka” na “Nilikosa imani, ndiyo maana nikakwama.” Katika ya kwanza, kiima ni Mungu, na msemaji amebaki kiambishi cha yambwa, -ni-, ndani ya kitenzi. Katika ya pili, msemaji amekuwa kiima kamili, mtendaji anayewajibika. Sarufi haimlazimishi kusema hivyo. Ni mazoea ya usemi yanayompa binadamu nafasi ya mtendaji pale anapokosea na kumnyima nafasi hiyo pale anapofanikiwa. Mazoea haya ndiyo ninayoyaita hapa hiari ya mkosaji.

3.0 Maji ya Ngarambe

Hussein alieleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu, hakusudiwi kuwa nakala ya Kinjeketile Ngwale wa historia. Uhuru huo wa kubuni aliutumia kufanya jambo ambalo mwanahistoria hawezi kulifanya: kutuingiza katika fahamu za mtu ambaye Mungu amesema kwa kinywa chake, kisha akanyamaza.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba Hongo hana ulimi. Humchukua Kinjeketile, humzamisha mtoni, humrudisha. Lakini neno lake huwafikia watu kwa lugha ya Kinjeketile tu. Kudura hapa ina mpaka tangu mwanzo, na mpaka huo haukuwekwa na adui. Umewekwa na hitaji la kufasiriwa. Ndani ya utabiri huohuo umo ujumbe kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, na Kinjeketile anapozinduka na kuupima ujumbe huo kwa akili yake, anatambua maana yake: kumtoa mtawala mmoja ili kumweka mwingine. Anashtuka na kusita, akajaribu kuzuia vita aliyoitangaza.

Hapa ndipo tamthilia inapofikia kiini chake. Umma haumruhusu asite. Neno alilolitoa limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye, na aliye mdogo mbele ya neno lake hana mamlaka ya kulirekebisha. Kitunda, jirani yake na kiongozi wa kuwafunza wapiganaji, ndiye mwenye hesabu za vita. Anajua bunduki ni nini. Lakini hesabu hizo haziwezi kushindana na neno lililotoka mtoni, kwa kuwa shaka lolote limekwisha kupewa jina la uoga.

Tuyapime matendo ya maji kwa makini. Kabla ya maji, makabila yale yaliumizwa kila moja peke yake na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi na mijeledi. Baada ya maji, watu waliokuwa wakishukiana walijumuika chini ya lengo moja. Badiliko hilo ni la kweli, na ndilo kubwa kuliko yote katika tamthilia. Nani alilifanya? Si maji. Ni watu walioamua kuaminiana, walioacha visasi vya zamani, waliotembea kutoka mbali kuja Ngarambe. Hiyo ni kazi ya hiari kwa kiwango cha juu kabisa, lakini hakuna anayewahesabia. Sifa yote inakwenda kwa maji.

Kisha risasi zinaua. Katika historia ya vita hivyo, dawa iliambatana na miiko: wapiganaji walikatazwa kupora na walitakiwa kujitenga na wanawake. Maji yalipokosa kugeuza risasi, maelezo yalikuwa tayari: aliyekufa alivunja mwiko. Kwa maelezo hayo maji hayawezi kushindwa kamwe, maana kila maiti ni ushahidi dhidi ya maiti mwenyewe. Watu walioyapa maji sifa ya umoja wao walibeba pia lawama ya kushindwa kwake.

Kitendo cha mwisho cha Kinjeketile kinapata uzito mpya katika usomaji huu. Akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu anajua kukiri huko kutatumiwa kuwaambia watoto kwamba baba zao walikosea kupigana. Wahakiki wengi wameuona uamuzi huu kuwa ushindi wa uzalendo. Naukubali ushindi huo, lakini naongeza mambo mawili. La kwanza, hili ndilo tendo pekee la Kinjeketile lililo la hiari kamili: Hongo yu kimya, umma haupo, na hakuna anayemwahidi chochote. La pili, kukataa kwake kunaivunja mantiki ya hiari ya mkosaji. Hakubali kwamba waliokufa walikosea. Lakini anafanya hivyo kwa gharama, kwa kuwa anaamua tena kwa niaba ya wengine watakachokijua na watakachokiamini, kama alivyofanya siku ya kwanza.

Hapo naona udhaifu wa tamthilia ambao haujazungumzwa vya kutosha. Hussein anaifungua kazi yake kwa mazungumzo ya wanawake kuhusu njaa. Wanajua kilichomo ghalani na kilichokwisha, wanajua mavuno yaliyopotea kwa sababu wanaume wako katika shamba la mgeni. Ujuzi huu wa njaa ni ujuzi wa mipaka. Unapofika wakati wa kuamua vita, haumo barazani. Tamthilia inamshtaki Hongo kwa kuwanyima watu nafasi ya kujibu, huku muundo wake wenyewe ukiwanyima wanawake nafasi hiyohiyo.

4.0 Mafuta ya Lakwena na ukimya wa Kanungu

Yaliyobuniwa na Hussein mwaka 1969 yalipata mwangwi katika Uganda miaka isiyozidi ishirini baadaye. Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la roho yake, Lakwena, neno la Kiacholi lenye maana ya mjumbe, aliongoza Vikosi vya Roho Mtakatifu kutoka kaskazini mwaka 1986 hadi karibu na Jinja mwaka 1987. Wapiganaji wake walipakwa mafuta ya mbegu za mti wa shea ili risasi zisiwadhuru, na walifungwa na kanuni ishirini za mwenendo. Aliyeuawa alisemekana kuwa amezivunja. Muundo ni uleule wa Ngarambe: ahadi isiyo na mipaka juu, na orodha ya masharti chini, na kati yake askari ambaye hiari yake huonekana siku ya kifo chake. Lakwena mwenyewe alifariki mwaka 2007 akiwa mkimbizi katika makambi ya Dadaab nchini Kenya.

Kanungu inatupeleka mbele zaidi. Viongozi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, miongoni mwao Credonia Mwerinde, Joseph Kibwetere na Dominic Kataribabo, walitabiri kwamba dunia ingekwisha 31 Desemba 1999. Haikuisha. Tarehe nyingine ikatajwa, na mnamo 17 Machi 2000 waumini waliteketea ndani ya kanisa. Baadaye makaburi ya halaiki yalifukuliwa katika maeneo mengine yaliyohusishwa na viongozi hao, na Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ilitoa ripoti yake mwaka 2002.

Mtafiti wa lugha hawezi kupuuza jambo moja katika habari za harakati hii: waumini walizuiwa kuzungumza ovyo, na siku nyingine waliwasiliana kwa ishara tu, kwa hofu ya kuvunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Kinjeketile alizidiwa na neno lake, lakini Kitunda alibaki na kinywa cha kuonyesha shaka. Kanungu, kinywa chenyewe kilifungwa. Pasipo na maneno, mtu hawezi kumwuliza jirani yake kama naye ana wasiwasi, na shaka la mtu mmoja haliwezi kuwa shaka la wawili. Tena wengi waliokufa walikuwa watoto. Hoja ya kwamba waumini walijichagulia njia yao haiwezi kuwagusa watoto hawa hata kidogo. Kila anayeitetea kudura kwa kuitaja hiari ya waathirika inampasa kwanza awahesabu waliokuwa hawana hiari yoyote.

5.0 Kazimoto: jibu lisilotosha

Je, dawa ni kumwondoa Mungu? Euphrase Kezilahabi alilijaribu swali hili katika Kichwamaji (1974). Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayerudi Ukerewe, hana Hongo wala miiko. Amebaki na akili yake na hukumu yake mwenyewe, na mwisho wake ni kujiua. Riwaya hii husomwa kama kielelezo cha udhanaishi, na ni sawa. Ninachokiona, hata hivyo, ni kwamba Kazimoto hajatoka nje ya hiari ya mkosaji. Amemwondoa hakimu akabakisha hukumu. Hiari yake inajidhihirisha kwa ukamilifu katika tendo la kujiadhibu. Kwa hiyo tatizo halitatuliwi kwa kuchagua kati ya imani na kutoamini. Linahusu kama binadamu anaweza kutambuliwa kuwa mtendaji katika mema yake kama anavyotambuliwa katika makosa yake.

6.0 Nakivale: mpango wa Mungu na faili

Hili si suala la vitabu tu. Katika makazi ya wakimbizi, maisha ya mtu hutegemea masimulizi anayoyatoa na jinsi yanavyofasiriwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 imeweka kamati ya kuamua hadhi ya ukimbizi na bodi ya rufaa. Juu ya hapo kuna Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, Ofisi ya Waziri Mkuu, na nchi za ng’ambo zinazoamua zitampokea nani. Mama anayesema “Mungu alinitoa Masisi” ametoa taarifa ya imani, na huenda pia ametoa taarifa isiyokamilika ya safari. Alibeba watoto wake usiku, alichagua njia, aliuza alichokuwa nacho. Mkalimani akiitafsiri sentensi hiyo neno kwa neno na kuishia hapo, faili litakuwa na muujiza na halitakuwa na mtu.

Lakini mkalimani asiharakishe kuitoa ile “Mungu” kana kwamba ni pambo. Usemi huo unaweza kuwa adabu ya mtu asiyetaka kujisifu mbele ya wenzake waliopoteza wapendwa wao. Unaweza kuwa kinga: kumtaja Mungu kunamwezesha msimulizi kutomtaja mtu aliyemficha, ambaye bado yuko kule na angali hatarini. Kuna hekima katika kulitumia jina la Mungu kwa namna hiyo, na hekima hiyo yenyewe ni tendo la hiari. Swali la adabu, kama “Na wewe, mama, hapo ulifanyaje?”, humrudishia nafasi yake ya kiima bila kumpokonya Mungu wake.

Upande wa pili wa meza kuna usemi unaofanana na huu kuliko tunavyopenda kukiri. “Jina halijatoka.” “Faili limekwama.” “Mpango umesimamishwa.” Katika sentensi hizi hakuna mtendaji. Jina hutoka lenyewe, faili hukwama lenyewe, kama mvua inavyonyesha au isivyonyesha. Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, huo ulikuwa uamuzi wa serikali, wenye tarehe na sahihi. Ukimfikia mkimbizi kwa sauti ya kutendwa isiyo na mtenda, unakuwa kadari. Na mahali ambapo kadari imechukua nafasi ya uamuzi, hiari ya mkosaji hufuata upesi: mtu huanza kujiuliza ni dhambi gani aliyoitenda, au ni maombi gani aliyoyakosa, hata jina lake lisitoke. Wapo wahubiri watakaompa jibu. Lakini ofisi ndiyo iliyoliacha swali wazi.

Huenda ikadaiwa kwamba usomaji huu unaigeuza dini kuwa siasa. Sivyo. Sisemi kwamba kudura ya Mungu ina mipaka hii au ile. Huo si uwanja wa mhakiki wa fasihi. Ninachosema ni kwamba kila anayesema kwa niaba ya kudura, awe nabii, kamanda au afisa, ana mipaka, na usemi unaoficha mipaka hiyo huwadhuru watu. Muumini hapotezi kitu kwa kukubali hilo. Kinjeketile aliposita mbele ya utabiri wake hakuwa anamkufuru Hongo. Alikuwa akitimiza wajibu wa mtu aliyepewa ujumbe na akili pamoja.

7.0 Hitimisho

Kinjeketile inatuonyesha watu waliojiunganisha kwa hiari yao wakaisifu nguvu nyingine, kisha wakafa kwa ahadi ya nguvu hiyo wakalaumiwa wenyewe. Uganda imeyashuhudia hayo nje ya jukwaa zaidi ya mara moja. Kutokana na uhakiki huu, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, katika vyuo vya ualimu na shule, tamthilia hii isifundishwe kama habari ya ushirikina wa zamani uliokwisha. Wanafunzi waongozwe kuchunguza nani anapewa sifa na nani anapewa lawama katika kila onyesho, na walinganishe na historia ya nchi yao. Pili, mafunzo ya wakalimani wa Kiswahili katika mazingira ya wakimbizi yajumuishe semi za kudura na majaliwa: namna ya kuzihifadhi, na namna ya kuuliza kwa heshima kuhusu matendo ya binadamu yaliyo nyuma yake. Tatu, matangazo ya Kiswahili yanayotolewa kwa wakimbizi yawe na kiima. Yaseme ni ofisi gani iliyoamua, kwa kigezo kipi, lini, na kama ipo nafasi ya rufaa au haipo. Kuhamishiwa nchi ya tatu si haki inayoweza kudaiwa, na ni bora mtu aambiwe hivyo waziwazi kuliko kuachwa akiamini kwamba amepimwa na Mungu akaonekana amepungua.